Kujifunza kufuma kwa sindano mbili kwa kufuata kitabu, ukiwa Mtwara au Lindi

Vitabu vingi vya kujifunzia kufuma vimeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, na zoezi la kwanza karibu kila mara ni skafu ndefu ya sufu. Iruke. Lindi mjini hakuna atakayeivaa, na urefu wake unamchosha mwanafunzi kabla hajajua amekosea wapi. Anza na kitambaa cha pamba cha kuoshea vyombo, sentimita 20 kwa 20, halafu kofia ya mtoto mchanga. Kitambaa hakidai kipimo kamili, na kofia ni miongoni mwa vitu vya maandalizi ya uzazi hata kwenye joto la pwani, sembuse huko Newala juu, ambako asubuhi za Juni na Julai zinataka shuka.

Kama umezoea kroshia, jua tofauti moja mapema. Kwenye kroshia kitanzi kilicho hai, yaani kinachoweza kufumuka, ni kimoja, kile kilicho kwenye ndoano. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote vya mstari viko hai kwa pamoja, kwa hiyo sindano ikichomoka umepoteza arobaini kwa mpigo. Pia mkono wa kroshia una tabia ya kukaza uzi. Hapa uzi ukikazwa sindano haiingii.

Sindano na uzi

Tafuta sindano za milimita 4, urefu wa sentimita 30 hadi 35. Kitabu cha zamani cha Uingereza kitaziita namba 8, na hapo wengi huumia, kwa sababu namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Milimita 4 kwao ni namba 6. Angalia kitabu kimechapishwa wapi kabla ya kununua, au fuata milimita peke yake.

Zikikosekana dukani, mwanzi mkavu unatosha. Pasua, chonga, piga msasa mkali kwanza, malizia na msasa laini wa namba 400, kisha sugua kwa mshumaa na ufute kwa kitambaa. Kupata unene sawasawa, mwombe fundi seremala atoboe ubao kwa biti ya milimita 4: sindano ipite kwenye tundu bila kulegea wala kugoma. Ncha iwe butu kidogo, maana ncha kali inapasua uzi. Spoku za baiskeli, ambazo watu huzitumia sana, kwa kawaida zina unene wa milimita 2 tu. Zinafaa kwa uzi mwembamba, si kwa zoezi hili, na zile za chuma cha kawaida hushika kutu kwa hewa ya bahari. Kutu ikiingia kwenye pamba nyeupe, sabuni haiiondoi. Ukimpata fundi wa vinyago akuchongee sindano za mpingo, zitakuwa laini ajabu, ila usizitumie na uzi mweusi, hutaona kitu.

Uzi uwe wa pamba, unene wa kati, rangi ya kung'aa kidogo kama krimu, njano au bluu ya mbingu. Gramu 50 zinatosha kitambaa kimoja na kubaki. Uzi wa sokoni mara nyingi hauna lebo, kwa hiyo upime mwenyewe: uzungushe kwenye rula bila kuuvuta, mizunguko ikigusana. Ikiingia 12 hadi 14 kwenye sentimita 2.5, huo ndio. Kujua kama ni pamba kweli, choma kipande kidogo: pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Uzi wa plastiki si mbaya kwa mazoezi, lakini kwenye joto la Desemba hunata mikononi penye jasho, na kichwani mwa mtoto haunyonyi kitu. Ukiagiza Kariakoo uletewe kwa basi, agiza wote kwa mara moja. Uzi wa rangi ileile uliotiwa rangi siku nyingine hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo utaiona ukishamaliza.

Alama za kitabuni

Ukurasa wa vifupisho ndio wa kwanza kusoma. K ni kitanzi laini, kile kinachoonekana kama herufi V. P ni kitanzi cha nundu, ambacho ni kilekile kikitazamwa kutoka nyuma. K2tog ni kufuma viwili kwa pamoja ili kupunguza kimoja. Nyota maana yake rudia kuanzia hapo. RS, kifupi cha Kiingereza right side, ni uso wa nje wa kazi, usiichukue kuwa upande wa kulia. Ukikuta 60 (66, 72), hizo ni saizi tatu: chagua moja, izungushie kwa penseli katika kurasa zote kabla hujagusa sindano. Usipofanya hivyo utaanza na saizi moja na kumaliza na nyingine.

Kuhusu picha, tazama kidole gumba. Baadhi ya michoro inaonyesha mikono kama unavyoiona ya kwako, mingine kama unavyoiona ya mtu aliyekaa mbele yako. Tena kuna vitabu vinavyoshika uzi mkono wa kulia na vingine wa kushoto. Njia zote mbili ni sahihi, ila usichanganye vitabu viwili katika wiki ya kwanza.

Kuanzisha vitanzi

Kwa kitambaa unahitaji vitanzi 40. Acha mkia wa uzi wenye urefu mara tatu ya upana unaotaka, ongeza shibiri moja. Hapa ni kama sentimita 80. Funga kitanzi cha kwanza kwenye sindano. Mkono wa kushoto, mkia upite kwenye kidole gumba, uzi wa kwenye bonge upite kwenye kidole cha shahada, vidole vitatu vilivyobaki vishike ncha zote mbili kiganjani, uzi usimame kama manati. Sindano iingie kutoka chini kwenye uzi wa mbele wa gumba, ipite juu na kunasa uzi wa shahada, irudi ikipita katikati ya kitanzi cha gumba. Achia gumba, vuta taratibu. Hicho ni kitanzi cha pili.

Kosa la kawaida ni kukaza. Shika sindano zote mbili pamoja na uanzishe vitanzi juu yake, ukimaliza chomoa moja. Vitanzi vitabaki na nafasi. Mkia ukiisha ukiwa na vitanzi 33, usiunge. Fumua uanze na mkia mrefu zaidi. Fundo kwenye ukingo halifichiki.

Kitanzi laini

Sindano yenye vitanzi iwe kushoto, uzi uwe nyuma ya kazi.

1. Ingiza ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kwanza, kutoka kushoto kwenda kulia, ncha itokee nyuma ya sindano ya kushoto.
2. Zungusha uzi kwenye ncha hiyo kinyume cha mshale wa saa.
3. Vuta ncha mbele pamoja na uzi uliouzungusha.
4. Telezesha kitanzi cha zamani kidondoke kutoka sindano ya kushoto.

Hatua ya pili ndiyo inayoharibu kazi kimyakimya. Ukizungusha uzi upande usio wake, kitanzi kinakaa kwenye sindano mguu wa kushoto ukiwa mbele, na mstari unaofuata kikifumwa kama kawaida kinajipinda, miguu yake ikipishana chini. Kitambaa kinakuwa kigumu na hakivutiki. Kagua hivi: kwenye sindano, mguu wa kulia wa kila kitanzi uwe upande wako. Kama sivyo, rekebisha mkono sasa, maana mazoea ya wiki mbili hayatoki kirahisi.

Ukifuma laini mistari yote, mbele na nyuma, unapata kitambaa chenye matuta pande zote mbili ambacho hakijikunji. Kila tuta ni mistari miwili. Vitanzi 40 na matuta 40 hutoa mraba, takriban, kwa hiyo huhitaji futi kamba: hesabu matuta.

Vitanzi 40 vimekuwa 43

Hili litakupata, na kitabu hulitaja kwa sentensi moja. Hesabu vitanzi mwishoni mwa kila mstari katika mistari ishirini ya mwanzo, hata kama inachosha, kwa sababu kosa lililo mstari mmoja nyuma linarekebishika, lililo mistari tisa nyuma linafumuliwa.

Vikiongezeka ukingoni, sababu ni kitanzi cha kwanza. Uzi ukivutwa kupita juu ya sindano kwenda nyuma, unakinyanyua kitanzi cha kwanza na miguu yake miwili inaonekana kama vitanzi viwili. Nawe unafuma vyote. Kabla ya kuanza mstari, teremsha uzi chini ya sindano ndipo uupeleke nyuma.

Vikiongezeka katikati na pakatokea tundu, uliacha uzi mbele wakati wa kufuma laini, ukajipitisha juu ya sindano. Ikiwa hakuna tundu, huenda ncha ilipasua uzi wa pamba, nusu ikawa kitanzi na nusu nyingine kitanzi kingine. Pamba husokotwa kwa nyuzi nyingi ndogo na hupasuka kuliko sufu. Ingiza ncha polepole.

Vikipungua, ama umefuma viwili pamoja bila kujua, ama kimedondoka na kinateremka, kikiacha ngazi. Usivute kitambaa. Choma pini kwenye kitanzi kilichodondoka, kisha chukua ndoano ya kroshia. Kwenye uso wa V, ingiza ndoano kutoka mbele, nasa daraja la kwanza la ngazi, lipitishe katikati ya kitanzi, panda daraja hadi daraja mpaka juu, urudishe kwenye sindano ya kushoto. Kwenye kitambaa cha matuta kazi ni ngumu zaidi, maana unabadili uso kila daraja. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza afumue tu.

Kabla ya kufumua kuna kinga moja ambayo vitabu vingi huiweka mwisho: kila baada ya mistari kumi, pitisha uzi wa cherehani wa rangi tofauti, kwa sindano ya mkono, ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, uuache hapo. Ukifumua, kazi itasimama kwenye uzi huo.

Kitanzi cha nundu, na kitambaa kinachojikunja

Hapa uzi uwe mbele. Ncha ya kulia iingie kutoka kulia kwenda kushoto, mbele ya sindano ya kushoto. Zungusha uzi kinyume cha saa, sukuma ncha nyuma, dondosha cha zamani. Ukifuma mstari mmoja laini na mmoja wa nundu, upande wa nje unakuwa wa V tupu. Kitambaa hicho kitajikunja: pembeni kwenda nyuma, juu na chini kuja mbele. Si kosa lako wala la uzi. Ndivyo kilivyoumbwa, na pasi haiondoi. Ndiyo maana kofia huanza na ukingo wa laini 2, nundu 2, ambao hutulia na kuvutika. Kila ukitoka laini kwenda nundu, uzi upite katikati ya sindano mbili kuja mbele. Ukirudi laini, upite hapohapo kwenda nyuma.

Kofia ya mtoto mchanga

Fuma kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 15, kioshe, kikauke, kisha pima sentimita 10 za katikati. Vitanzi 22 ndiyo shabaha. Ukipata 24 tumia sindano nene kidogo, ukipata 20 chukua nyembamba. Vitanzi 72 kwa kipimo cha 22 vinatoa karibu sentimita 33. Kwa kipimo cha 20 ni 36, kofia itakayomfunika mtoto macho. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa karibu sentimita 35, na kofia huvutika.

Anzisha vitanzi 72. Mistari 6 ya laini 2, nundu 2. Endelea mstari laini, mstari nundu, mpaka sentimita 10 tangu chini, ukimalizia na mstari wa nundu. Sasa punguza: laini 6, viwili pamoja, rudia mpaka mwisho, vinabaki 63. Mstari wa nundu. Laini 5, viwili pamoja: 54. Nundu. Endelea hivyo ukishuka 4, 3, 2, 1, ukipata 45, 36, 27, 18, na mstari wa nundu kila katikati. Mwisho, viwili pamoja mstari mzima: 9. Hesabu isipofika, rudi kwenye mstari huo huo.

Kata uzi, acha sentimita 40. Upitishe kwa sindano ya mkono ndani ya vitanzi 9, vuta, rudia mara ya pili, kisha shona mshono wa nyuma kwa mkia huohuo. Usiweke kamba ya kufunga kidevuni wala kifungo. Kwa mtoto mchanga ni hatari. Ficha ncha za uzi ndani ya mshono, angalau sentimita 5 kwenda na 5 kurudi, kwa sababu pamba huteleza na ncha fupi hutoka ikifuliwa.

Ioshe kabla haijavaliwa, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, itandaze kivulini juu ya mkeka. Usiitundike kwenye kamba: pamba ikilowa ni nzito na inajivuta. Wakati wa masika ikague ndani ya mshono kabla ya kuikunja. Palipobaki unyevu ndipo ukungu huanzia.