Kabla Hujahamia Mombasa, Onja Maji

Nilihamia Mombasa mwishoni mwa Januari, kutoka Nakuru, na godoro, kabati la mke wangu, jiko la gesi na ujuaji mwingi. Ujuaji ndio ulioisha wa kwanza. Kama umepewa uhamisho wa kazi, au umeamua tu kuja, soma haya kabla hujalipia lori.

Usitume hela ya nyumba kwa simu kama nyumba yenyewe hujaikanyaga. Hilo nalisema mara moja tu.

Nenda ukaione nyumba alasiri, saa tisa au saa kumi. Asubuhi kila nyumba ya Mombasa ina ubaridi wake. Saa tisa ndipo utakapojua kama dirisha la chumba cha kulala linatazama machweo, na kwa nini gorofa ya juu kabisa inapangishwa kwa bei nafuu: zege la paa hushinda likinywa jua, usiku likakutemea wewe. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, na Februari na Machi ndiyo miezi ambayo watu wazima na akili zao hulala sakafuni. Kusi ikianza, Aprili hivi, utapumua. Uliza kama kuna feni. Kama hakuna, tazama juu uone kama kuna ndoano ya kuitundika.

Mita ya stima iwe yako peke yako. Kushiriki tokeni na jirani mwenye friji mbili ni ugomvi unaosubiri siku yake.

Ukiwa unahamia Likoni au kokote ng'ambo, lori lako lisifike feri saa za watu kutoka kazini. Anayevuka kwa miguu havuki kwa pesa, lakini gari hulipa na hupanga foleni, na siku za bamvua, maji yakipwa sana, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, gari lenye tumbo la chini likakwaruza. Barabara ya Dongo Kundu ipo siku hizi, mwambie dereva azunguke nayo. Akinung'unika habari ya mafuta, mwongeze mafuta.

Sasa maji. Hapa kaa kitako.

Nyumba niliyoichukua ilikuwa mtaa wa Tudor, gorofa ya tatu. Keateka, yule mtunza jengo, alinizungusha, akanionyesha jiko, akafungua mfereji ukatoa maji kwa kishindo. Nikamwuliza, "Maji hayapotei?" Akasema, "Hapa kaka, maji ni saa ishirini na nne." Wala hakunidanganya. Mwaka mzima niliokaa pale, mfereji ule haukukauka hata siku moja. Jibu lake lilikuwa sawa. Swali langu ndilo lililokuwa bovu.

Jioni ile nikachemsha chai. Funda la kwanza tu nikajua nimekosea mikebe, nimetia chumvi badala ya sukari, uchovu wa safari. Nikamwaga. Nikapika nyingine, mara hii nikiionja sukari kwanza kwa ncha ya ulimi. Ikawa ile ile. Nikainywa hivyo hivyo, nikiyalaumu maziwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nikabandika maharagwe saa nne asubuhi. Saa sita, magumu. Saa nane, magumu. Saa kumi maganda yalikuwa yamebambuka lakini ndani ni kokoto, na gesi inaelekea kwisha. Jirani wa mlango wa pili, mama wa makamo, alikuwa akipanda ngazi, akasimama mlangoni. "Mwanangu, wapika nini tangu asubuhi?" Nikamwambia. Akaingia, akachovya kidole chini ya mfereji, akalamba, akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya ni ya kuogea haya! Ya kupikia ni maji matamu."

Mimi, mtu wa bara, nikasikia maji matamu nikafikiria sharubati.

Maji matamu ni maji yasiyo na chumvi, basi. Jifunze neno hilo kabla hujajifunza jina la mtaa wako, maana mtu wa Mombasa akikwambia nyumba ina maji, bado hajakwambia kitu. Yale yaliyokuwa yakitoka kwangu saa ishirini na nne yalikuwa ya kisima cha jengo, yakipandishwa kwa pampu hadi tangi la juu. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu mengi. Mvua ikinyesha, maji huzama, yakaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya huko chini, kwa kuwa yale ya mvua ni mepesi. Ukiteka kwa ndoo, polepole, unachota ya juu. Ukitia pampu, wewe na kila jengo la mtaa, bahari hupanda kuziba pengo. Na chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Nilijaribu. Ukichemsha, maji hupungua na chumvi hubaki, kwa hivyo unazidi kuharibu.

Matamu yenyewe hayatoki Mombasa. Yanatoka Mzima, kule Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililolazwa miaka ya 1950. Yanatoka Baricho, kando ya mto Sabaki, ambako yanategemea pampu. Mengine Marere na Tiwi, upande wa Kwale. Bomba likipasuka huko njiani, au stima ikikatika Baricho, wewe uliyelala Tudor ndiye unayeamka bila chai. Ndiyo maana kuna mgao. Katika jengo letu matamu yalikuja Jumatano na Jumamosi usiku, kwa mfereji mmoja mdogo chini ya ngazi, na foleni ya mitungi ilianza baada ya isha.

Mitungi! Nilikuwa nayo sita Nakuru, na pipa juu yake. Niliiuza wiki moja kabla ya kuhama ili lori lisijae. Walioinunua nadhani bado wananiombea dua.

Nikanunua pipa jipya la lita 200 na mitungi miwili, nikajiona nimeshakuwa mwenyeji. Juma la tatu bomba likapasuka. Jumatano ikapita kavu, Jumamosi ikapita kavu, Jumatano nyingine pia. Mikokoteni ikapandisha bei, mtungi wa shilingi 20 ukawa 50. Nikamsimamisha kijana mmoja mwenye mkokoteni uliojaa, nikamwambia nataka kumi, lakini nataka matamu. Hakukasirika. Alifungua mtungi wa mbele mwenyewe, akanimiminia kwenye kifuniko. "Onja, bro." Nikaonja. Matamu kweli, kama ya Nakuru, bali ya Nakuru yenyewe hayakuwa matamu hivyo. Nikampa shilingi 500 na shukrani. Akapandisha mitungi gorofa ya tatu, miwili miwili, jasho likimtoka mpaka nikamwonea huruma nikampa na ya soda. Yote akaimimina kwenye pipa.

Usiku nikachota ya chai. Chumvi.

Nikaenda kumgongea mama jirani nikiwa na kikombe mkononi, kama mtu anayepeleka ushahidi polisi. Akaonja, akaniuliza, "Ulionja upi?" Nikamwambia wa mbele. Akatikisa kichwa. "Wa mbele ni wa kuonjwa, mwanangu. Ya kuuzwa iko nyuma." Kumbe mtungi mmoja au miwili ya matamu, mingine ya kisima, yote ndani ya pipa moja, na pipa lote limeharibika. Yule mama alinipa mtungi wake mmoja usiku ule. Hakutaka pesa. Alitaka nisirudie.

Basi fanya hivi. Onja kila mtungi, mmoja mmoja, kabla haujafika kwenye mdomo wa pipa, na uonje mlangoni pako, si pale barabarani, kwa sababu mitungi hupishana kwenye ngazi. Muuzaji atasonya. Msonyo haukutii hasara. Mtungi usio mtamu arudi nao au auuze kwa bei ya kisima, nao utautumia chooni. Usiyaweke maji yote katika chombo kimoja: pipa liwe la chumvi, matamu yakae kwenye mitungi yenye vifuniko. Sisi wawili, kupika na kunywa tu, tunamaliza mtungi mmoja kwa siku. Ukame mrefu kuliko yote tuliouona ulikuwa siku kumi na nne. Kwa hivyo weka mitungi kumi na tano, na wewe piga hesabu ya watu wako. Ya kunywa chemsha hata yakiwa matamu, maana hujui mkokoteni ulichota wapi na kisima kiko hatua ngapi kutoka chooni, na kipindupindu si mgeni mjini hapa.

Na kabla hujatia saini, acha kumwuliza keateka. Tazama pua ya mfereji: ukiona ukoko mweupe umegandamana kama chokaa, hiyo ndiyo stakabadhi yako. Halafu mgongee mpangaji yeyote, umsalimie vizuri, umwulize matamu huja siku gani na saa ngapi, yanafika gorofa ya ngapi, tangi lake lina kufuli ya nani, na kama yamo kwenye kodi au yana bei yake. Dakika kumi tu. Mimi zingeniokolea gesi, shilingi 500 na maharagwe ya watu.

Yanayofuata ni madogo. Sabuni ya kipande haitoi povu kwenye maji ya chumvi, tafuta ya maji au ya unga, na nguo nyeupe suuza na matamu mara ya mwisho, la sivyo zitakauka kama kadibodi. Birika la umeme usilitie maji ya chumvi hata siku moja. Ile shawa ya umeme uliyoizoea bara iache huko huko. Nilikuja na yangu na bado imo kwenye boksi. Saa tisa alasiri tangi la juu limeshachemshwa na jua, maji ya moto ni ya bure, na anayetaka ya baridi aoge alfajiri.

Salimia kabla ya kununua. Nilizoea kufika dukani na "Sukari kilo pesa ngapi?" Mwenye duka akanitazama, akasema "Salaam aleikum," akanyamaza akingoja. Nikaitikia, ndipo sukari ikapata bei. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa sala. Panga mambo yako kabla ya hapo au baada. Ramadhani usitegemee mkahawa mchana, nunua mahamri na mbaazi mapema kama kuna mtoto nyumbani, na jioni toka ule viazi karai na wenzako. Mboga za wiki nzima zinunue sokoni Kongowea, asubuhi mapema, kwa gunia lako mwenyewe. Marikiti ni ya viungo, na ya kutazama.

Kutu itakula kila chuma ulichokuja nacho. Paka rangi kabla haijaanza. Masika, hasa Mei, viatu vya ngozi huota ukungu kabatini na chumvi ya mezani hulowa ikawa uji. Tia punje za mchele kwenye kikebe. Mvua kubwa ikishuka, usimfuate mwenye gari la juu kwenye dimbwi ambalo hulijui kina.

Ukipeleka watoto baharini, Bamburi au kwingineko, uliza saa za maji siku ile. Hubadilika kila siku, husogea karibu saa nzima, kwa hivyo ya jana haikufai leo. Maji yakipwa utatembea mbali sana ukiokota kombe, nayo hurudi kwa kujipenyeza nyuma yako, mfereji kwa mfereji, ukiwa bado umeinama. Nyavu za dirisha funga kabla ya magharibi. Mlango wa jikoni usiuache wazi hata ukienda msalani tu: kunguru wa hapa hachagui, atachukua chapati, atachukua yai, na mimi alinichukulia kipande cha sabuni kilichokuwa dirishani, kile kile kisichotoa povu.