Jeli ya mwani kwenye uji wa mwenye sukari

Mama yangu ana sukari, mwaka wa tisa huu, na mimi nalima mwani Paje, Zanzibar. Haya nimeyafanya jikoni kwangu.

Chukua spinosumu, ule mwembamba wenye vijiba, uliokaushwa juu ya chanja. Ulioanikwa mchangani uache, mchanga wake hautoki hata uoshe mara kumi. Konzi moja yatosha. Roweka usiku kucha, asubuhi uoshe kwa maji matatu, kisha tafuna kipande. Ukisikia chumvi, osha tena: wenye sukari wengi wana presha pia. Kamulia ndimu kukata harufu, tia vikombe 4 vya maji, injika moto mdogo. Koroga mpaka mwani uyeyuke na mwiko uanze kuvuta utelezi. Chuja. Ukipoa unaganda laini kama mtindi; weka kwenye friji, usizidishe siku 4.

Utelezi huo ni karajinani, nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Zinakifanya chakula kuwa kizito, kinatoka tumboni taratibu, na sukari yake inaingia kwenye damu polepole. Ndiyo maana jeli hailiwi peke yake, lazima ichanganyike na wanga. Mama namtilia vijiko 2 vya kulia katika bakuli la uji wa mtama, bila sukari. Jemu na juisi za mwani za dukani msimpe mgonjwa kabla ya kusoma kibandiko, nyingi zina sukari tele.

Utasikia mwani unazuia vimeng'enya vinavyovunja wanga. Florotanini, kemikali zinazosifiwa kwa kazi hiyo, ziko kwenye mwani wa kahawia. Wetu ni wa jamii nyekundu, hata kama baharini unauona kijani. Nguvu yake ni huo utelezi.

Unga mkavu usiumeze kamwe, unavimba kooni. Mwenye rovu aulize kwanza, mwani una madini joto. Na dawa za hospitali haziachwi hata siku moja.

Kisha pima. Leo ale uji bila jeli, kesho bakuli lile lile na jeli, siku zote mbili mpime saa 2 baada ya kula. Mimi naandika nyuma ya kalenda, maana vijiti vya kipimo ni ghali na sitaki namba ipotee. Siku ya kliniki mpelekee daktari namba hizo, yeye ndiye wa kusema kama dozi ya dawa ibaki au ibadilike.