Namna ya Kufuatilia Historia ya Jengo Kongwe la Shule

Anza na jengo lenyewe: katika miji ya pwani, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na dari za boriti za mikoko, ni dalili ya ujenzi wa zamani, ilhali lipu ya saruji huwa ya baadaye na mara nyingi huficha milango iliyozibwa.

Kisha chunguza ni nani aliyelitoa na kwa sharti gani, kwani hapo ndipo penye kiini cha historia. Huko Bagamoyo, Sewa Haji, mfanyabiashara tajiri mwenye asili ya Kihindi, alijenga shule mwaka 1896 na kuikabidhi serikali ya Kijerumani ili isomeshe watoto wa rangi zote. Nyaraka za utawala huo zimo katika Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam. Wazee waliosoma hapo wahojiwe mapema, ikiwezekana madarasani humo humo.