Usimwagilie msaiprasi wa buluu kila siku

Misaiprasi mingi ya buluu inayokauka kwenye bustani za Limuru, Arusha, Lushoto na Njombe huuawa na mpira wa maji. Mche hupandwa kwenye shimo la sentimita 60 lililojazwa samadi hadi nusu, kisha unanyweshwa asubuhi na jioni kwa kipimo cha migomba. Miezi michache baadaye majani ya ndani yanafifia kuwa kijivu, yanageuka manjano, halafu kahawia. Mwenye bustani anaona ukavu, anaongeza ndoo nyingine. Ndoo hiyo ndiyo inayoumaliza mti.

Asili ya msaiprasi huu ni Arizona, New Mexico na kaskazini mwa Meksiko, kwenye miteremko ya mawe na makorongo yanayopitisha maji upesi. Mizizi yake inataka ilowe, ikauke, kisha ilowe tena. Udongo ukishiba maji siku zote, hewa inaisha kwenye vitundu vya udongo, na vimizizi vyembamba vinaanza kufa. Ukungu wa fitofthora, ambao mbegu zake huogelea ndani ya maji, unaingilia hapo hapo. Mti uliooza mizizi hauwezi kunyonya maji hata ukiwa umesimama dimbwini, ndiyo maana juu unaonekana kama wenye kiu.

Kabla ya kununua mche, pima udongo wako. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana huo huo, lijaze maji, yaache yaishe yote, kisha lijaze mara ya pili. Simamisha kijiti ndani yake na uweke alama. Maji yakishuka sentimita 3 au zaidi kwa saa, panda hapo. Yakishuka chini ya hapo, kama ilivyo kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, inua tuta la sentimita 30, upana mita moja na nusu, kwa udongo wa juu wa hapo hapo, na upande juu yake. Kumwaga mchanga kidogo ndani ya shimo la mfinyanzi hakusaidii kitu. Umetengeneza beseni tu.

Sasa shimo la kupandia. Kina chake kisizidi kimo cha kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliokuzia mche. Upana uwe mara mbili au tatu ya kiriba. Kiriba cha sentimita 25 kinataka shimo la sentimita 22, ili shingo ya mche, yaani pale shina linapokutana na mizizi, ibaki sentimita 3 juu ya ardhi. Miche mingi ya vitaluni shingo yake imeshafukiwa tangu ikiwa kwenye kiriba, kwa hiyo parua udongo wa juu kwa vidole mpaka uone mzizi wa kwanza mnene, kisha pima kuanzia hapo. Laza mpini wa jembe kukatiza shimo: shingo lazima iwe juu ya mpini. Mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba ichanje kwa kisu kikali sehemu nne, kina cha sentimita moja, la sivyo itaendelea kuzunguka na mti utaangushwa na upepo ukishakuwa mkubwa.

Samadi isiingie shimoni. Tunalisema hili kila msimu na kila msimu tunakuta samadi chini ya mizizi. Ikioza inadidimia, mti unadidimia nayo, na shingo inazama. Ukiwa na mboji nzuri, tandaza nusu debe juu ya ardhi, sentimita 20 mbali na shina. Inatosha kwa mwaka mzima.

Panda mvua inapoanza, ikishalowesha ardhi hadi sentimita 30. Siku ya kupanda mimina lita 10 polepole. Miezi miwili ya kwanza toa lita 10 kila baada ya siku 5 hadi 7, ukimimina kwenye donge la mizizi na si kwenye shina. Kwenye udongo wa mchanga mtupu, kila siku 4. Wiki yenye mvua ya kutosha, usimwagilie kabisa. Kila mara kabla ya kumwaga, chomeka kidole au kijiti sentimita 10 ardhini; kikitoka na udongo wenye unyevu, rudisha ndoo nyumbani. Baada ya hapo, mpaka kiangazi cha kwanza kiishe, debe moja la lita 20 kila siku 14, likimwagwa nusu mita kutoka kwenye shina. Mwaka wa pili mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi. Mwaka wa tatu uache, isipokuwa ukame uwe mkali kweli.

Adui mwingine ni nyasi za bustani. Ukoka unaomwagiliwa kila jioni unaua msaiprasi uliopandwa katikati yake hata kama mti wenyewe hujawahi kuugusa kwa ndoo. Ng'oa ukoka duara la mita moja pande zote za shina, weka matandazo ya sentimita 5, na uache sentimita 15 wazi kuzunguka shina.

Mti ukianza kubadilika rangi, usibahatishe. Fukua udongo shingoni, kwangua gome kwa ukucha. Ukikuta weupe wenye ukijani, mti uko hai. Ukikuta kahawia iliyolowa yenye harufu ya uchachu, ni kuoza. Vuta kimzizi kimoja: kilichooza ganda lake linachomoka lote, unabaki na uzi mwembamba mkononi. Acha maji mara moja, ondoa matandazo, na chimba mfereji wa sentimita 30 upande wa chini, mita moja kutoka kwenye shina. Kahawia ikiwa imezunguka shina lote, ng'oa, na usipande msaiprasi mwingine kwenye shimo hilo.

Buluu ya mti huu ni nta iliyofunika majani. Inataka jua kamili, angalau saa 6 kwa siku. Kivulini mti unafifia na kuwa mwembamba. Miche ya mbegu haifanani rangi, hivyo chagua kitaluni ule wenye buluu kali. Na usipulizie mafuta, hata ya mwarobaini, kwani yanaondoa nta na buluu hairudi mpaka majani mapya yaote. Vidukari vya saiprasi, vilivyoingia Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988 na Kenya 1990, hukaa kwenye vitawi vya ndani karibu na shina. Fungua majani ukague kila wiki mbili wakati wa kiangazi, na vikiwa vichache kata tawi uchome.

Ukipunguza matawi, kata sehemu yenye majani tu. Ukiingia kwenye mti mtupu wa kahawia, hapo hapachipui tena.

Mti uliokaa vizuri utauona: ncha mpya za buluu kila msimu wa mvua, na shina lisilotikisika ukilisukuma.

Acha mita 5 kutoka ukutani, maana unaweza kufika mita 12 na zaidi. Dar es Salaam na Mombasa, kwenye joto la unyevunyevu, tafuta mti mwingine.