Somo: Jinsi ya kusoma anwani ya kijiji cha Urusi ya zama za Tsari

Ukifungua wasifu wa Mrusi aliyezaliwa kijijini kabla ya 1917, utakutana na mstari wa namna hii: kijiji cha Strelkovka, volosti ya Ugodsko-Zavodskaya, uyezdi ya Maloyaroslavets, gubernia ya Kaluga. Huyo ni Georgy Zhukov, jemadari ambaye majeshi yake yaliiteka Berlin mwaka 1945. Wengi wetu huuruka mstari huo ili tufike kwenye vita. Leo tutausoma polepole, maana unasema mambo ambayo wasifu wenyewe mara nyingi hauyasemi.

Hatua ya 1: Panga ngazi

Gubernia ichukulie kama mkoa. Ndani yake kuna uyezdi, yaani wilaya. Ndani ya uyezdi kuna volosti, na ndani ya volosti kuna vijiji. Kwa Mtanzania, volosti inakaa pale inapokaa kata. Mkenya afikirie lokesheni. Kwenye nyaraka za Kirusi utaona vifupisho: губ., у., вол., kisha с. au д. Hivyo viwili vya mwisho usivipuuze. С. ni kijiji chenye kanisa, д. ni kijiji kisicho na kanisa. Kwa Waorthodoksi, rejesta za ubatizo, ndoa na mazishi ziliandikwa kanisani, kwa hiyo ukiona д. ujue jina la mtu wako limo katika rejesta ya parokia ya kijiji kingine cha jirani.

Hatua ya 2: Uliza mtu huyu alikuwa wa tabaka gani

Hapa ndipo wengi wanapopotea, nami nitakaa kidogo.

Tarehe 19 Februari 1861 Tsari Aleksander II alitia saini sheria za kuwaachia huru wakulima waliokuwa chini ya makabaila. Zamani bwana ndiye aliyekusanya kodi, aliyetoa ruhusa ya kusafiri na aliyeamua ugomvi. Bwana akiondoka, nani afanye kazi hizo? Serikali haikuwa na watumishi wa kutosha kupeleka hadi vijijini, ikawatwisha wakulima wenyewe. Vijiji jirani viliunganishwa kuwa volosti moja yenye wanaume kati ya 300 na 2,000 hivi, na kijiji cha mbali kabisa kisizidi takriban versti 12 kutoka makao ya volosti. Versti moja ni zaidi kidogo ya kilomita. Walihesabiwa wanaume tu kwa sababu kodi ya kichwa ilitozwa kwa wanaume. Mwaka 1866 wakulima wa ardhi za serikali nao wakaingizwa katika mpango huo.

Sasa shika jambo hili: volosti ilikuwa ya wakulima peke yao. Kabaila mwenye jumba katikati ya volosti hakuwa chini yake. Kasisi pia, na mfanyabiashara wa mjini aliyefungua duka pale. Hawakulipa michango ya volosti wala hawakushtakiwa katika mahakama yake. Kinyume chake, mkulima aliyehamia mjini miaka na miaka aliendelea kuwa mtu wa volosti yake. Baba yake Zhukov alikuwa fundi viatu aliyefanya kazi Moscow, lakini kwenye karatasi alibaki mkulima. Zhukov mwenyewe alipelekwa Moscow angali mvulana kujifunza ushonaji wa manyoya. Alipoitwa jeshini, Agosti 1915, hakuandikishwa Moscow alikokuwa akiishi. Aliandikishwa Maloyaroslavets, mji mkuu wa uyezdi yake.

Kwa hiyo unaposoma neno volosti kwenye wasifu, usidhani unaambiwa mtu alikuwa anaishi wapi. Unaambiwa jina lake limeandikwa kwenye daftari la nani.

Hatua ya 3: Wajue watu wa ofisi

Mkuu wa volosti aliitwa starshina. Alichaguliwa kwa miaka mitatu na baraza la volosti, ambamo kila kaya kumi zilituma mtu mmoja, pamoja na viongozi wa vijiji. Kwa makosa madogo starshina aliweza kumweka mtu korokoroni siku mbili, kumtoza faini ya rubo moja, au kumpa kazi za umma siku mbili.

Lakini ukiniuliza mimi nani alikuwa na nguvu, nitakwambia karani. Huyu aliitwa pisari. Starshina mara nyingi hakujua kusoma, alipiga muhuri alipoonyeshwa. Karani ndiye aliyeandika pasipoti ya ndani ya mkulima aliyetaka kwenda kutafuta kibarua mjini, na bila karatasi hiyo polisi wa mjini wangemrudisha kwao chini ya ulinzi. Mwenye deni la kodi aliweza kunyimwa. Kuanzia 1874, utumishi wa jeshi ulipofanywa wa watu wote, ofisi hiyohiyo ilitunza orodha za familia: nani ni mtoto wa nani, ana umri gani, ana ndugu wangapi wa kiume. Kwa anayetafuta ukoo, orodha hizo ni hazina.

Kisha kuna mahakama ya volosti. Waamuzi walikuwa wakulima, kati ya 4 na 12, waliochaguliwa kila mwaka. Walikaa kila baada ya wiki mbili, ikiwezekana Jumapili, wakiamua kesi za mali hadi rubo 100 na makosa madogo. Mara nyingi waliamua kwa kufuata mila za mahali pao. Waliweza kutoa faini hadi rubo 3, kifungo cha siku 7, au viboko hadi 20. Viboko hivyo vilifutwa Agosti 1904, Tsari Nikolai II alipopata mrithi wa kiume. Hebu fikiria: miaka arobaini na tatu baada ya kuitwa watu huru, bado walikuwa wakichapwa kwa hukumu halali.

Hatua ya 4: Angalia mwaka

Volosti ya 1870 si ile ya 1895. Sheria ya Julai 1889 ilileta afisa mpya, kwa kawaida kabaila wa eneo hilo, aliyewasimamia wakulima. Alimthibitisha starshina, aliteua waamuzi miongoni mwa waliopendekezwa na vijiji, na aliweza kumfunga mkulima siku tatu bila kesi. Uwezo huo wa kufunga, pamoja na vikwazo vya kuchagua pa kuishi, uliondolewa Oktoba 1906. Mei 1917 Serikali ya Mpito iliamuru volosti iwe na baraza la watu wa tabaka zote, wanawake nao wakipiga kura. Katika miaka ya 1920 Wasovieti walizifuta volosti na kuweka rayoni, yaani wilaya za aina mpya.

Hatua ya 5: Badilisha tarehe

Urusi ilitumia kalenda ya Juliasi, iliyo nyuma ya kalenda yetu ya leo, hadi 1918. Kwa karne ya 19 ongeza siku 12. Zhukov alizaliwa 19 Novemba 1896 kwa kalenda ya zamani, yaani 1 Desemba.

Zoezi: с. Константиново, Кузьминская вол., Рязанский у., Рязанская губ. Alizaliwa 21 Septemba 1895.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, shikamoo. Nimejaribu zoezi. Ni kijiji cha Konstantinovo, volosti ya Kuzminskaya, uyezdi na gubernia ya Ryazan. Kwa kuwa ni с., kanisa liko hapohapo. Tarehe mpya ni 3 Oktoba. Ni nani huyu?*

Marahaba. Umepata yote. Ni mshairi Sergei Yesenin.

*Naandika makala kuhusu mwandishi wa ukoo wa makabaila. Vyanzo vinataja uyezdi na gubernia tu. Nimekosa wapi kuhusu volosti?*

Hujakosa, ndugu yangu. Rudi hatua ya 2. Ukiilazimisha volosti hapo, utakuwa umemfanya kabaila awe mkulima.

*Kwenye anwani yangu, mahali pa volosti pameandikwa „stanitsa". Ni kosa la chapa?*

Hapana, huyo ni Mkosaki. Wakosaki walikuwa tabaka la kijeshi lenye utawala wake, na stanitsa ndiyo iliyoshika nafasi ya volosti kwao.

*Nimetafuta gubernia ya Kaluga kwenye ramani ya kati ya vita viwili, sikuiona. Strelkovka imeenda wapi?*

Gubernia hiyo ilifutwa 1929, na Strelkovka ikawa chini ya mkoa wa Moscow. Mkoa wa Kaluga ulianzishwa 1944 ukaichukua. Leo iko katika wilaya ya Zhukovsky, na hata mji wa Ugodsky Zavod sasa unaitwa Zhukov. Hati za zamani tafuta kwa jina la zamani, lakini hifadhi ya nyaraka utaipata kwa jina la leo.

*Mwalimu, nimesoma kwamba mshairi wa Kikazaki (wa Kazakhstan, si Mkosaki), Abai, aliwahi kuwa mkuu wa volosti. Wakazaki si walikuwa wahamaji?*

Swali zuri, dada. Ndiyo, alishika cheo hicho miaka ya 1870. Kanuni za 1868 ziliwapanga Wakazaki kwa hesabu ya mahema: volosti moja ilikuwa na mahema 1,000 hadi 2,000. Watu wakihama na mifugo, daftari lao lilibaki lilelile. Ila huko mkuu hakuitwa starshina, aliitwa upravitel.

*Kwa aliyezaliwa 1901 naongeza siku ngapi?*

13. Hesabu hiyo inaanza 1 Machi 1900 ya kalenda ya zamani. Kabla ya hapo, katika karne yote ya 19, ni 12.