Ukihariri sura ya mwanamke, acha kitufe cha kulainisha ngozi

Ukikaa kuhariri picha ya uso wa mwanamke ili kupinga ile dhana kwamba mwanamke lazima aonekane hivi au vile, usianze na kitufe cha kulainisha ngozi. Programu nyingi zimekiweka mbele kabisa, na ndicho kinachorudisha mtazamo uleule unaotaka kuuvunja. Fanya kinyume: ongeza mwanga kidogo hapa, kivuli kidogo pale, penye mistari ya paji la uso, kovu au vinyweleo vya juu ya mdomo, ili vionekane wazi. Mwanga unaotoka ubavuni husaidia sana hata kabla hujafungua programu.

Lakini kazi kubwa iko kwenye mkao, na huo hauhaririki baadaye. Mwaka 1979 mwanasosholojia Erving Goffman alichambua picha za matangazo akaonyesha jinsi wanawake wanavyopigwa wakiwa wameinamisha kichwa, kama watu wanaonyenyekea. Basi shingo iwe wima, macho yatazame lenzi, kamera ikae usawa wa macho au chini yake kidogo.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote: toa nakala mbili za picha moja. Moja ilainishe kupita kiasi kama matangazo yafanyavyo, nyingine ihariri kama nilivyoeleza, kisha ziunganishe katikati ya uso. Mtazamaji ataona mwenyewe kilichofutwa. Ila mwonyeshe kwanza mwenye sura, na akisita, usiichapishe.