Unauza programu ya GPL uliyoiboresha? Usisahau lebo na soskodi

Wadau wa Mbeya, hapa Mwanjelwa naona mtu anachukua programu ya bure ya duka, anaitafsiri Kiswahili, anabandika nembo yake anamuuzia muuza mchele. Kuuza sio kosa, GPL (leseni ya programu huria) inaruhusu, uza hata milioni. Kosa ni kufuta majina ya wenyewe na kuficha soskodi (sio kodi ya TRA hiyo, ni yale maandishi ya programu anayoyaandika mtengenezaji).

Anza na faili la COPYING au LICENSE, lisome ujue ni toleo gani maana GPL 2 ni ya 1991 na 3 ni ya 2007 na hazichanganyiki ovyo, ukikuta GPL-2.0-only (yaani toleo la 2 tu) usiiunganishe na ya 3 kwenye programu moja, ikiwa or-later (toleo hilo au la baadaye) hapo sawa. Faili hilo liende kwa mteja kama lilivyo.

Halafu lebo za SPDX (mtindo wa kawaida wa kuandika mwenye haki na leseni), juu ya kila faili:

SPDX-FileCopyrightText: 2025 Jina lako
SPDX-License-Identifier: GPL-3.0-or-later

Jina la aliyeanza libaki juu, lako liweke chini yake. Hiyo or-later usijiongezee kama mwenyewe hakuiweka. Andika pia ulichobadilisha na tarehe, mfano "12/3/2025, nimeongeza debe na gunia kwenye vipimo".

Soskodi sasa, hapa ndo wengi tunaanguka. Mimi nilimfungia mteja wa Uyole programu tupu, badae kaniomba soskodi na laptopu ilishakufa, nikakaa siku tisa naandika upya mabadiliko yangu huku simu yake inaita. Sku hizi kila mteja namwachia flashi yenye soskodi ya toleo lile lile nililomfungia, pamoja na skripti za kuijenga. Kama hutaki flashi unaweza kumpa ahadi ya maandishi, ila lazima idumu angalau miaka 3.

Ukiweka kwenye seva watu wanatumia kwa brauza tu, GPL haikudai kitu, AGPL (ndugu yake GPL, ya programu za seva) inakudai: ukiibadilisha weka linki ya soskodi waione.

Na kwenye mkataba futa ule mstari wa "hairuhusiwi kukopi", mteja ana haki ya kumgawia hata jirani yake wa duka. We chaji kufunga, kufundisha na kuja kurekebisha ikigoma, hata kama ni Aprili mvua haikatiki na bajaji hazipandi mlima.